Miradi ya kando ya maji ikaguliwe na wanaoishi hapo

Kuna jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni hii miradi mikubwa ya nyumba na hoteli inayopangwa kando ya maji, iwe ni bahari, ziwa, mto au chemchemi. Wananchi wanaoishi mahali hapo huelezwa habari zake siku ya kuonyeshwa picha, na baada ya hapo huambiwa wasubiri. Wasubiri nini, na wamwulize nani, hakuna anayewaambia.

Pengine wasomaji watashangaa kuona mtu wa mlimani anazungumzia ufukwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Moshi, na bahari nimeiona mara chache tu. Lakini kila anayeijua Kilimanjaro anajua kuwa vihamba vyetu vimegawanywa kutoka kwa babu hadi wajukuu, mpaka vingine vimebaki na nafasi ya nyumba, migomba michache na makaburi. Ndiyo maana ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Dar es Salaam waliweka akiba zao katika viwanja vya huko, na wengi wao walivuka kwenda Kigamboni wakati kiwanja kilikuwa bado kinashikika kwa mshahara wa kawaida. Mambo ya Kigamboni yalipokwama, kilio chake tulikisikia hadi huku, hasa mwezi wa Desemba watu wanaporudi nyumbani.

Tukumbushane kidogo. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa kujenga Mji Mpya wa Kigamboni. Picha zake zilipendeza sana, kwa maghorofa, barabara pana, bustani na ufukwe uliopangwa vizuri. Wakati huo huo wananchi wa maeneo yaliyoguswa walizuiwa kuyaendeleza. Aliyekuwa na msingi akauacha hivyo hivyo, aliyetaka kuongeza chumba akaambiwa angoje, na aliyetaka kuuza hakupata mnunuzi, maana nani atanunua mahali ambapo hajui patakuwa barabara au bustani? Miaka ikapita. Ukaundwa wakala wa kusimamia mji huo, mipaka ya mpango ikapanuliwa, fidia ikasemwa hivi leo na vingine kesho. Mbunge wao, marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, alilipigia kelele jambo hilo. Mwishowe wakala ukavunjwa, na ule mji wa kwenye picha haukujengwa. Daraja lilijengwa, hilo ni kweli, likafunguliwa mwezi wa Aprili 2016, na ni daraja la kujivunia.

Huko huko Kigamboni, upande wa Dege, kulianza mradi mwingine wa nyumba zaidi ya 7,000 karibu na bahari, ambao mfuko wa NSSF uliingia kwa ubia. Fedha za mfuko huo ni makato ya wafanyakazi. Kazi ilisimama mwaka 2016, na maghorofa yakabaki bila watu kwa miaka. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alihoji, pamoja na mambo mengine, bei iliyowekwa kwa ardhi ya mradi ule. Ukaguzi huo ulikuwa wa maana, lakini ulikuja zege likiwa limekwisha kukauka.

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba mipango hii ilikuwa mibaya. Miji lazima ipangwe, na wanaopinga kila ramani huishia kuishi mahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kupita. Ninachosema ni kwamba katika yote hayo, mwenye nyumba ya vyumba viwili pale Mjimwema hakuwa na chombo chake cha kukagua. Alikuwa na mwenyekiti wa mtaa ambaye naye alikuwa akisoma habari hizo gazetini. Alikuwa na mikutano ya hadhara ambako mgeni huzungumza saa mbili na mwananchi dakika mbili. Bei ya ardhi ya pale nani aliijua kuliko watu wa pale? Wangeulizwa mapema, wangeisema bila kulipwa posho.

Sasa niwaeleze wasomaji wa mikoa mingine jambo tulilo nalo huku, maana nadhani linatufundisha kitu. Wazee wetu walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji kutoka katika mito ya mlimani hadi vihambani, muda mrefu kabla ya Mjerumani kufika. Mfongo una banio lake huko juu, unapita kwenye miteremko na pengine chini ya barabara, na unahudumia koo na vitongoji vingi. Una mzee wake anayeuongoza, na sehemu nyingi anaitwa meni mfongo. Kuna siku za kuusafisha, na asiyekuja hutozwa faini, zamani ikiwa mbege au mbuzi na siku hizi fedha. Kuna zamu ya maji, ya nani asubuhi na nani jioni.

Lakini kitu ninachotaka kukisisitiza hapa ni kimoja. Katika mfongo, mkaguzi wa kweli si meni mfongo. Ni mtu wa mwisho, yule ambaye shamba lake liko mkiani. Maji yakiibwa juu, yeye ndiye anayekauka. Ukuta ukivuja usiku, yeye ndiye anayejua alfajiri. Hana haja ya kusomea uhandisi, kwa sababu migomba yake inamwonyesha. Naye akijua hivyo hupanda na mfongo hatua kwa hatua mpaka aone ulipopasuka, na hakuna anayemzuia kupita katika kihamba cha mwenzake, kwa kuwa kila mmoja anatambua kuwa anafuata maji. Haki hiyo ya kupita na kutazama ndiyo iliyoitunza mifongo kwa miaka yote hiyo, na pale ilipopotea, kwa mabomba na kwa magomvi, mifongo mingi imekufa.

Sisemi mambo ya wazee yote yalikuwa sawa. Zamani sehemu nyingi mwanamke hakuruhusiwa hata kufika kwenye banio, na huku ni yeye aliyeteka, aliyepika na aliyemwagilia. Kamati yoyote nitakayoitaja hapa chini isianzishwe kwa kasoro hiyo.

Haki ya kupita na kutazama ndiyo inayokosekana katika miradi ya siku hizi. Ukuta ukishajengwa na mlinzi akishawekwa, mtu wa mkiani hawezi tena kufuata maji. Maji nayo hayajui ukuta. Yanayotoka kwetu yanashuka hadi mpunga wa Chekereni na Mabogini, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu huvua samaki, kisha yanafuata mto Pangani hadi mitambo ya umeme ya Hale, na mwisho bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu akimwaga uchafu wa hoteli katika chemchemi ya mlimani, au akiuzungusha mto ili apate bwawa la mashua za wageni, watu wa mkiani wako wilaya kadhaa mbele yake.

Na hili la bwawa la mashua sikulitunga. Katika kijiji ninachofundisha, kampuni moja ilikuja kutuonyesha ramani ya nyumba za kupangisha na hoteli kando ya chemchemi yetu, pamoja na bwawa dogo la kuchimba ambalo wageni wangepanda mashua wakitazama Kibo. Wazee walicheka waliposikia mashua, lakini vijana walifurahi kwa sababu ya ajira, nami siwalaumu, maana kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana shamba atafurahia nini kingine? Ramani ilikuwa ya rangi na maandishi yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Tulipewa soda, tukatia saini karatasi ya mahudhurio, tukaondoka.

Miezi michache baadaye uliletwa muhtasari uliosema kuwa wananchi wameridhia. Uthibitisho uliobandikwa nyuma yake ulikuwa ile karatasi ya mahudhurio. Niliombwa niusome kwa sauti mbele ya mkutano, nikausoma neno kwa neno, na watu wakasikia majina yao yakitajwa kama waliokubali. Palikuwa na kimya kwanza, kisha mama mmoja akauliza swali ambalo halikuwemo popote katika ramani ile: "Mwalimu, maji ya vyoo vya wageni hao yataelekea wapi?" Watoto wa shule yetu huteka maji chini ya chemchemi ile kila asubuhi kabla ya kengele. Hakuna aliyeweza kumjibu, na mkutano ukakataa kuupitisha muhtasari. Tukachagua kamati ya watu tisa, watatu kati yao wakiwa wa kitongoji cha chini. Kamati iliandika barua kuomba nakala ya tathmini ya mazingira ya mradi ule. Hadi ninapoandika barua hii haijapata nakala, na haikujibiwa kwamba haitapewa.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na naomba wasomaji wanivumilie, maana watu wengi wanadhani mwananchi hana nguvu kumbe anazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kuwa ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na ikiwa ni hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa, baada ya kupata mapendekezo ya halmashauri ya kijiji. Ikizidi hapo mkutano hutoa maoni na Waziri ndiye anayeamua. Tena ardhi isihamishwe kabla ya kukubaliana juu ya fidia, kiasi chake, namna na wakati wa kuilipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Hizi si sheria mbaya hata kidogo.

Tatizo ni namna zinavyotumika. Hizo mita 60 kwetu ni maneno mazito, kwa kuwa mlima umekatwa na mito na makorongo mengi, na ukizipima pande zote mbili unaweza kumaliza kihamba cha mtu. Nimewaona akina mama wakiamriwa kung'oa mboga zao kando ya mto kwa sababu ya sheria hii, na wakang'oa. Katika ramani ile ya rangi, baraza ya hoteli ilikuwa karibu na maji kuliko mboga zile. Ama sheria ni ya wote, ama tuelezwe nani aliyesamehewa na kwa barua ipi.

Na hapa nataka kuwaonya ndugu zangu wanaoshangilia kila mara inaposemwa kuwa vijiji vinavyouzunguka mji wa Moshi vitaingizwa mjini. Manispaa yetu ina eneo dogo, kilomita za mraba 58 hivi, na mazungumzo ya kuipandisha kuwa Jiji ni ya miaka mingi. Sipingi Moshi kuwa Jiji. Lakini kijiji kikigeuka mtaa, ule mkutano mkuu wenye haki ya kusema ndiyo au hapana juu ya ardhi haupo tena. Mkutano wa mtaa unaweza kupiga makofi na kunung'unika tu. Wale wa Kigamboni walikuwa wakazi wa mitaa. Naamini hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mpango wa mwaka 2008 uwapitie kama mvua, kwa kuwa hapakuwa na mkutano wao hata mmoja ambao kura yake ingeweza kuusimamisha. Anayeshangilia taa za barabarani aulize kwanza anatoa nini ili azipate.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kila mradi wa nyumba au hoteli kando ya maji, mjini na kijijini, uwe na kamati ya wakazi yenye haki iliyoandikwa, si ya hisani. Iwe na haki ya kuingia eneo la ujenzi siku inayojulikana kila mwezi, na ya kupata nakala ya ramani, mkataba wa ardhi na tathmini ya mazingira. Karatasi hizo ziwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu, sasa kwa nini ramani ya bwawa la kijiji ije kwa Kiingereza? Mimi mwalimu nilihangaika nayo, je, mzee aliyeishia darasa la nne? Wajumbe wasilipwe na mwenye mradi hata nauli. Watoke na watu wa chini ya maji, si wa pembeni tu. Halafu taarifa yao isomwe katika mkutano wa kila miezi mitatu, hata kama siku hiyo hawana la kusema zaidi ya kwamba walikwenda na wakarudi.

Kuna watakaosema kamati kama hizi zitachelewesha maendeleo na kuwafukuza wawekezaji. Nimelisikia hilo hata kwa watu ninaowaheshimu. Lakini Kigamboni hapakuwa na kamati ya namna hiyo, na mpango ulichelewa hata hivyo. Mwekezaji mwenye fedha zake halali hupata hasara zaidi akizuiwa na mahakama mwaka wa tatu kuliko akiulizwa maswali mwezi wa kwanza. Swali la vyoo lingejibiwa siku ile ile, huenda nasi tungekuwa tumekwisha kukubaliana.

Wengine watasema kamati zenyewe zitahongwa. Hao siwezi kuwabishia sana. Sote tunawajua viongozi wa vijiji waliouza ardhi ya umma kwa mhuri na saini, na tunazijua koo ambazo kaka mkubwa ameuza kihamba akawaacha wadogo zake wakipanga vyumba Majengo na Pasua. Ndiyo maana nasisitiza taarifa isomwe mbele ya watu wote. Kuhonga watu tisa ni rahisi, lakini kuhonga mkutano wenye akina mama wanaoteka maji hapo kila siku ni kazi kubwa. Watu wa mkoa huu wanajua kukagua. Tangu mwaka 1933 wakulima wa kahawa walikuwa na KNCU yao, na mkulima alisimama mbele ya mizani akitazama mshale. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 yeye aliendelea kupeleka kahawa, ila chombo chake cha kuuliza hakikuwapo, na hata kiliporudishwa miaka ya themanini mambo hayakuwa kama zamani. Chombo cha kuuliza kikivunjwa hakirudi kirahisi.

Namaliza kwa kuwaomba wahusika mambo mawili tu. Kwanza, ofisi zinazohusika na mazingira na ardhi zitoe agizo kwamba karatasi ya mahudhurio isipokelewe kamwe kuwa ni idhini ya wananchi. Idhini iwe na swali lililoulizwa, idadi ya waliosema ndiyo na idadi ya waliosema hapana. Pili, ofisi ya Bonde la Maji la Pangani, ambayo iko hapa hapa Moshi, iziite kamati za wakazi wa kando ya vyanzo vya maji na jumuiya za watumia maji za huko chini zikae pamoja kabla kibali chochote cha kutumia maji kwa mradi wa namna hii hakijatolewa. Kamati yetu ya watu tisa iko tayari kuhudhuria kwa nauli yake yenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji chetu unaofuata uko baada ya mavuno ya mahindi, na barua yetu ya kuomba tathmini itasomwa tena hapo, ikiwa na jibu au bila jibu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Kijijini,
Wilaya ya Moshi.